Mpaka Kofia Iishe

Nachingwea
9 Januari 1955

Kwa Bi Sabaha, Ruangwa

Shikamoo, dada. Anayekuandikia ni Rabia, mke mwenzako. Tangu mvua zianze nimekuwa naikunja karatasi hii na kuikunjua, nisijue nianze na neno gani lisilokukera, na leo nimeamua kuanza na shikamoo tu. Najua kaka yako Saadi ndiye atakayekusomea. Shikamoo na yeye.

Nakuandikia habari ya kofia ya Isihaka. Ameniambia jinsi ulivyoianza mwaka wa arobaini na saba, kabla hajaja huku kwenye mashamba ya karanga. Ameniambia pia maneno uliyoyasema uwanjani kwako miaka miwili baadaye, alipokuja kukueleza kuwa ameoa huku. Kwamba ulitoka ndani na kofia ile mkononi, sindano imening'inia, ukasema mbele ya kaka Saadi na ndugu zake yeye kuwa asikanyage tena hapo mpaka kofia yake iishe. Ukaifungia sandukuni. Watu walidhani hasira ni ya mwezi mmoja, na sasa mwaka unakwenda wa sita.

Dada, anataka kurudi. Karanga zenyewe zimekwisha, Wazungu wamekwenda zao, na matrekta aliyokuwa akiendesha yanaota kutu porini. Kwa sasa kifua kinamsumbua kidogo, si sana, lakini mtu akikohoa huanza kuwaza kwao. Anasema siku yake ikifika anataka azikwe huko kwako, kando ya mtoto wenu Yunusi. Hawezi kuja bila wewe kusema, maana ardhi ni ya ukoo wako na neno ulilitoa wewe.

Nakuomba uimalize hiyo kofia. Yeye hajui kama nakuandikia. Barua hii inaletwa na Amri, dereva wa lori la mazao, na jibu unaweza kumpa yeye.

Mimi mdogo wako,
Rabia


Ruangwa
30 Januari 1955

Rabia,

Shikamoo yako nimeipokea, maana shikamoo haina kosa. Marahaba. Mengine uliyoandika ndiyo yaliyonichosha.

Anayeandika ni Saadi, na nimemwambia aandike ninachosema asiongeze chake. Ukarani wa ghala la ufuta umemfundisha kupamba maneno.

Unaniuliza kofia. Iko sandukuni, chini ya kanga nilizovaa kwenye msiba wa mama. Sindano niliiacha imechomekwa humo humo, ikaota kutu, na kutu ikaingia kwenye kitambaa cha bafta. Kipande cha juu kilikwisha. Kipande cha pembeni kimebaki nusu, maua yamechorwa kwa kalamu lakini vitundu havijatobolewa. Unaijua kofia ya mkono wewe? Kitundu kimoja unakitoboa kwa mwiba, unakizungushia uzi mpaka kisimame, halafu unaanza kingine, na vimejaa kichwa kizima. Kazi ile haifanywi na mtu mwenye hasira, uzi unakatika. Nami nilikuwa na hasira.

Sasa hata hasira sina. Nina palizi. Ufuta umeota pamoja na magugu, nguruwe wamehamia kwenye mihogo yangu, na bega la kulia halipandi juu. Nikitoka shamba naosha miguu nakaa kibarazani, na hapo hata uje uniambie jiko linaungua nitakuomba usubiri kidogo. Huyo ndiye unayemtaka ashone kofia.

Halafu niambie kweli. Miaka yote hii hukuniuliza hata hali. Leo mwanamume anakohoa, umenikumbuka. Umemchoka? Kama unataka nikutue mzigo, sema hivyo, usizungukie kwenye kofia.

Sabaha
kwa mkono wa Saadi


Nachingwea
17 Februari 1955

Dada Sabaha, shikamoo.

Sikumchoka. Ningekuwa nimemchoka ningefunga kanga zangu nikaondoka, maana mimi hapa sina mtoto wa kunishika miguu wala ukoo wa kunisema. Ndugu zangu wako ng'ambo ya Ruvuma. Mimi nililelewa na shangazi jirani na misheni ya Mnero, shangazi akafa, na nikabaki na Isihaka.

Hukuuliza, lakini nitakuambia anavyokaa. Asubuhi namtoa nje kwenye mkeka apate jua. Huwa ananihadithia Ruangwa mpaka nahisi nimefika. Anaiga unavyowaita kuku, na sauti yako anaitoa nyembamba sana, nadhani anakuonea. Juzi ameniuliza kama mikorosho aliyoipanda kuzunguka kaburi la Yunusi imeshazaa, kana kwamba mimi ndiye ninayeipalilia. Nikamwambia imezaa. Nisamehe kama nimekosea.

Nimefikiria jambo. Masista wa Mnero walinifundisha kushona nilipokuwa msichana, na mkono wangu si mbaya. Nitumie vipande vyako kwa Amri. Mimi nitatoboa na kuzungusha uzi, wewe bega lako lipumzike, kisha useme tu kuwa kofia imeisha. Hapo neno lako litakuwa limetimia na mtu hajavunjiwa heshima.

Mdogo wako,
Rabia


Ruangwa
13 Machi 1955

Rabia,

Jibu limechelewa kwa sababu lori la Amri lilikaa kwenye matope juma zima, si kwa sababu nilikuwa nafikiri.

Vipande sikutumii. Mkono wa mtu unajulikana. Mwanamke yeyote wa hapa akiishika kofia ile atakuonyesha kwa ukucha mahali nilipoishia mimi na mahali alipodakia mwingine. Unataka mtu mzima aende kusali Idd amevaa wake zake wawili kichwani? Watacheka mpaka Idd ya pili. Wewe baki na vitambaa vya meza vya masista.

Na masharti yenyewe niliyaweka mimi. Nikimwachia mwingine aimalize, nilisimama uwanjani siku ile nikasema nini?

Mikorosho imezaa. Mitatu imezaa vizuri, mmoja nyani wanaumaliza kabla haujaiva. Hukumdanganya. Kuhusu kuku, mwambie hivi. La, usimwambie kitu, nimesahau kuwa hajui.

Nina swali moja, na si kwamba nashona. Mpime kichwa. Chukua uzi, uzungushe juu ya masikio, panapokutana funga fundo, ukate, unitumie. Nataka kujua tu.

Sabaha
kwa mkono wa Saadi

Mimi Saadi naongeza hapa chini, naye yuko mbele yangu akidhani bado naandika salamu. Kutu ameitoa kwa ndimu na chumvi. Ameinunulia sindano mpya. Akitoka shamba anakaa kibarazani anatoboa, na mtu akipita anaifunika kwa ungo. Usimwambie nimekuambia.


Nachingwea
29 Machi 1955

Dada Sabaha, shikamoo.

Uzi huu hapa ndani. Nimempima mchana alipokuwa amesinzia, juu ya masikio kama ulivyosema, na fundo nimelikaza kwa meno ili lisiteleze.

Hajambo. Anakula. Mvua huku imezidi na mwenye nyumba ameanza kutuuliza tutahama lini, lakini hayo ni yetu.

Kaka Saadi nampa salamu nyingi za peke yake.

Rabia


Ruangwa
17 Aprili 1955

Rabia,

Nimeulaza uzi wako juu ya kipande cha pembeni. Umepungua vidole viwili vizima.

Nikasema labda nimeulaza vibaya. Nikaulaza tena. Nikamwita Saadi naye akaulaza. Umepungua. Bafta ile niliikata kwa kichwa cha Isihaka mwenyewe, ameketi mbele yangu kwenye kigoda, nimeuzungusha uzi kwa mikono yangu hii. Kichwa cha mtu mzima hakipungui. Huo uzi wako ni kichwa cha kijana.

Sasa nimeelewa. Uliniambia huna mtoto, nami nikakuonea huruma kijinga. Una mtoto wa kiume, anakua, na unataka siku moja aingie uwanjani kwangu amevaa kofia ya mkono wangu, watu waseme Bi Sabaha amempokea, wakampimie shamba kwenye ardhi ya mama zangu. Ndiyo maana kofia imekuwa ugonjwa kuliko ugonjwa wenyewe. Ndiyo maana kila nikiuliza hali ya mtu naambiwa hajambo, anakula.

Nilikuwa nimebakiza mstari mmoja na kuunga. Ndiyo, nilikuwa nashona, cheka sasa. Nilishona baada ya jembe, kwa bega hili, nikijiambia mtu amekuwa mzee, aje akae. Nimeirudisha sandukuni.

Saadi ananiambia niseme kwa upole. Andika hivyo hivyo, Saadi.

Sabaha


Nachingwea
26 Aprili 1955

Bi Sabaha,

Leo sikuamkii. Tuko katika mwezi mtukufu, na kukuamkia na roho niliyonayo itakuwa ni uongo, nao nimeshausema wa kutosha.

Kile ni kichwa cha Isihaka. Mimi ndiye ninayemnyoa, nimemlaza kichwa mapajani kwa sababu shingo haikishiki tena. Nyama za hapa kwenye paji zimekwenda zote. Sina mtoto wa kiume. Mimba mbili zilinitoka, hakuna iliyofika mahali pa kupewa jina, na Isihaka mwenyewe ndiye aliyekwenda kuzifukia. Kama unataka kunitukana kwa mtoto, tafuta mwenye mtoto.

Nilikuambia kifua kinamsumbua kidogo. Anatema damu tangu mwezi wa Novemba. Hospitali wametuambia nikae naye nyumbani. Chooni nambeba mgongoni, na mimi si mnene. Sikukuandikia hayo kwa sababu nilitaka umwite kwa kutaka wewe, si kwa kumhurumia mtu anayekufa. Yeye mwenyewe angetaka hivyo. Na tena kila nilipotaka kuyaandika mkono ulikataa, nikaandika hajambo.

Sasa sikiliza, maana sitaandika tena. Akifia hapa atazikwa hapa, siku ile ile, na watu wasiomjua. Hakuna dereva atakayebeba maiti kutoka huku mpaka Ruangwa kwa njia hii. Akienda, lazima aende akiwa hai. Kila siku ananiuliza kama kuna neno lolote kutoka Ruangwa, nami namjibu njia imekatika. Njia imekauka tangu juzi, na ameshaanza kuyasikia malori yakipita.

Kama hutaki, andika hutaki. Nitamtafutia mahali pazuri hapa Nachingwea na nitamlilia peke yangu. Kungojea kofia nimechoka.

Rabia


Ruangwa
8 Mei 1955

Rabia,

Imeisha. Mlete.

Nimetaka Saadi aandike hayo kwanza, yasije yakapotea katikati ya maneno. Sasa mengine.

Barua yako iliposomwa nilimuuliza Saadi: mwaka ule wa arobaini na saba, Isihaka alikuwa na msiba wa nani? Akasema wa mama yake. Basi. Mama yake alikuwa amefariki siku chache tu, na mwenye msiba hapa kwetu hanyoi mpaka arobaini. Na nywele zake unazijua, au huzijui, wewe umemkuta amekwisha kuwa mtu wa kunyoa. Zilikuwa zimesimama kichwa kizima kama msitu ambao haujafyekwa. Mimi nikazungusha uzi juu ya nywele zile, nikakata bafta. Arobaini ikafika akanyolewa, akaja huko kwenye karanga, nami nikabaki nashonea nywele zilizokwisha kutupwa. Ningeimaliza mwaka ule ule ingemteremka mpaka kwenye macho, angetembea anapapasa. Nimecheka peke yangu mpaka jirani akachungulia, halafu sikucheka tena.

Kwa hiyo nilikusema vibaya. Mengi siwezi, niko na saumu na koo limekauka. Nilikusema vibaya, na la mtoto ndilo baya zaidi. Ua moja zima nimelikata na kulitupa ili kipande cha pembeni kifike kwenye fundo lako. Cha juu nacho nikakipunguza pembeni pande zote, nikafumua mahali palipokuwa pameungwa, nikaunga upya. Unajua kukata kitundu ulichokizungushia uzi kwa mkono wako? Nimelia kwa kofia kuliko nilivyolia alipokuja kuniambia ameoa. Nimeifua, nimeipiga wanga, iko juu ya chungu kilichopinduliwa inakauka ipate umbo.

Nimezungumza na Amri. Atakuja huko na lori tupu kabla ya Idd. Mlazeni kwenye magunia ya makapi, si kwenye mbao. Chumba cha mbele nimekikandika upya, kitanda kimeangalia mlango. Sasa mwambie. Mwambie kofia imeisha.

Sabaha
kwa mkono wa Saadi


Nachingwea
19 Mei 1955

Dada Sabaha, shikamoo.

Barua hii iko kwenye mfuko wa shati lake. Amri atakuonyesha.

Nilimwambia kofia imeisha. Kisha akaniomba nimwogeshe. Tangu siku ile anakula vijiko vitatu zaidi, lakini usije ukadhani ana nafuu, ni furaha tu.

Uji wake uwe mwepesi, usiwe na moto. Hawezi kulalia ubavu wa kushoto. Akikohoa muinue kwa kumkumbatia nyuma, ukimvuta mikono anaumia. Kuna kitambaa cha bluu ni cha damu, kiloweke peke yake. Alfajiri huwa anaita watu wa zamani, madereva wenzake, wewe itikia tu, anatulia. Anaona haya kusaidiwa chooni, mzungumzishe habari ya shamba wakati huo na atasahau. Maziwa hayapendi lakini atakunywa ukimwambia ni ya mbuzi wenu.

Kofia mvalishe kabla hajateremshwa. Watu wamuone amevaa.

Mimi siji. Hukuniita, na sikutaka kuuliza nikakutia katika shida ya kujibu. Neno ulilitoa kwa ajili yake na umelifungua kwa ajili yake, mimi halikunihusu. Nimemwambia napanda mbele na Amri, kwa sababu angekataa kuwekwa juu ya lori. Homa imempanda leo na hajui vizuri nani yuko wapi. Atakapouliza, utaona mwenyewe la kumwambia.

Nimefagia chumba. Ni kikubwa kuliko nilivyokuwa nakidhania.

Rabia


Ruangwa
24 Juni 1955

Mke mwenzangu Rabia,

Habari ya kifo unayo, Saadi alikuja kukuambia mwenyewe, na nimesikia ulivyoipokea. Pole. Na mimi nipe pole, sijapewa na mtu anayejua.

Nakuandikia yale ambayo Saadi hakuyaona. Anayaandika sasa ndiyo kwanza anayasikia.

Lori lilipofika nilipanda juu mimi mwenyewe, na bega langu, nikamvalisha. Ilimkaa. Vidole vyangu vilikuwa vinatafuta mahali inapolegea, na hakuna. Wanaume wanne walimteremsha, uwanja umejaa, na kila mtu aliiona, hata wale waliokuwepo siku ile niliposema. Hakuna aliyecheka. Mjane mmoja mzee wa hapa alikuja akaipapasa, akaniambia umeshona. Hilo tu. Kwa watu wetu hiyo ni sifa kubwa.

Nilikuwa namngojea aseme neno. Nisikufiche, nilikuwa nalingoja kama mtoto anavyongoja nguo ya Idd. Miaka yote ile, na ua nililolikata. Akaishika kwa mkono wake, akaizungusha kidogo ikae sawa, akaniangalia. Akasema, "Rabia ameiona?"

Nilitaka kumwambia mwanamke wako yuko Nachingwea, hakuitwa. Neno lilinifika mdomoni. Lakini nikamtazama yule mtu na shingo yake, nikasema, "Ameiona. Yuko jikoni."

Akafurahi. Akalala.

Basi ndivyo tulivyoishi mpaka mwisho. Siku ya Idd alitolewa kibarazani na kofia yake, wanaume wakitoka kusali wakaja kumpa mkono, na kila alipoondoka mtu Isihaka aliniuliza Rabia yuko wapi aje naye asalimiwe. Nikasema yuko jikoni, pilau limemshika. Kesho yake nikasema umekwenda kisimani. Siku nyingine unatwanga, umelala kidogo, umekwenda kuangalia nyani kwenye mikorosho. Nilikuwa nikimnywesha uji wako mwepesi naye akasema Rabia amejua kuupika leo. Nilikuwa nikitoka nje, nagonga sufuria mbili tatu ili asikie jikoni kuna mtu, kisha narudi ndani kuwa Sabaha. Rabia, kazi ile ilinichosha kuliko kofia. Kuna wakati nilikuwa nakuonea wivu, na wewe haupo.

Asubuhi aliyoondoka alituita wote wawili. Niliitika mara mbili. Alikwenda akijua tuko sote kwenye uwanja huu, na tumemlaza kando ya Yunusi, karibu sana, iliwabidi wachimbaji wakate mizizi.

Sasa niko ndani, nakaa eda na nguo nyeupe. Wanawake wanaokuja kunipa pole wananiuliza mwenzangu yuko wapi, na ulimi umeshazoea, najikuta nasema jikoni. Wanachungulia, hawaoni mtu, wananitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Saadi ameandika hilo huku anajifuta macho, mwache.

Mwenye nyumba wako najua anataka chumba chake. Saadi amekwenda kumuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani kama mjane anaweza kuhama katikati ya eda. Mwalimu amesema mjane asiye na mahali pa kukaa kwa salama anaruhusiwa kuhamia mahali penye salama, na huko aimalize. Hapa pana salama. Niliyemkataza kukanyaga uwanja huu alikuwa mmoja, wewe sikukukataza. Nilikuwa sikujui.

Amri atapita Jumanne. Usilete vyombo, vipo. Nimechoka, Rabia, na jikoni hakuna mtu.

Dada yako,
Sabaha
kwa mkono wa Saadi